Majabali, Timu Iliyohesabu Watu

Sisi tuliokulia Mwanza miaka ile ya kuelekea Uhuru, tukikutana harusini au msibani, hatukai sana kabla mmoja wetu hajauliza, "Hivi unawakumbuka Majabali?" Hapo wajukuu huanza kuinuka mmoja mmoja na simu zao, maana wanajua kitakachofuata ni kirefu. Waende tu. Nawaandikia ninyi wenzangu ambao magoti yanauma kama yangu, mliokaa juu ya yale mawe nyuma ya kiwanda cha pamba mkitafuna michembe ya viazi vitamu na kushangilia mpaka sauti zikakauka.

Majabali ilikuwa timu ya mpira wa kikapu. Najua leo mtu akisikia timu anafikiria mishahara, basi la rangi na picha za wachezaji ukutani. Wetu walikuwa wapagazi, makarani na wafunga marobota waliotoka kazini na vumbi la pamba kwenye nyusi, wakanawa uso bombani, wakaingia uwanjani. Lakini kwa sisi watoto hakukuwa na watu wakubwa kuliko wao, hata Bwana Shauri mwenyewe, mkubwa wa serikali ya Waingereza, hakuwafikia.

Nyumba yetu ilikuwa nyuma ya soko. Baba alikuwa fundi cherehani. Babu yake alifika huku na watu wa Manyema, mama yake alikuwa Mnyamwezi, na mama yangu alitoka Ukerewe, kwa hiyo nyumbani tulizungumza Kiswahili, ila watu wakigombana kila mmoja alirudi kwenye lugha ya kwao. Tukitoka shule tulikuta ugali wa muhogo na furu wa kukausha waliopikwa kwa karanga, wale samaki wadogo uliowala pamoja na miiba yao. Sangara hatukumjua. Alikuja baadaye akawamaliza furu wetu, na leo nikimwambia mjukuu kwamba ziwa hili lilikuwa na samaki mtamu kuliko sangara, anadhani nazeeka vibaya. Tukishakula, wasichana tulicheza rede kwa mpira wa matambara mpaka tusikie filimbi kutoka kiwandani, kisha kila mtu alikuwa mbio. Mama alipiga kelele kutoka uani, "Giza likiwakuta huko, mlale huko huko kwenye mawe na pimbi!" Nasi tulikuwa tayari kabisa kulala na pimbi.

Timu aliianzisha Shija Malale, kijana wa Kisukuma kutoka Buswelu. Siku hizo Buswelu ilikuwa kijijini hasa, mtu alitembea kupita mashamba ya mtama na mawe hadi miguu imemwishia ndipo auone mji. Shija alijifunza mchezo huu kwa mabruda wa misheni alipokuwa shule, akaja mjini kufanya kazi ya kufunga pamba, na akamwomba Mhindi mwenye kiwanda kipande cha ardhi kilichokuwa wazi nyuma ya ghala. Ringi zilitengenezwa kwa vile vyuma vya kufungia marobota, na chini yake zikaning'inizwa nyavu za wavuvi zilizochakaa. Sakafu waliikandika kina mama kwa udongo na samadi ya ng'ombe, kama wanavyokandika uwanja wa kupuria mtama, ikakauka ikawa ngumu na mpira ukadunda vizuri ajabu. Timu za wageni zililalamikia harufu, lakini sisi wala hatukuisikia.

Fulana alishona baba. Hakuwa amewahi kuona nguo ya mchezo, akakata kitambaa cha marekani kwa vipimo alivyovijua, na vipimo alivyovijua vilikuwa vya kanzu. Zikatoka fulana za kufika magotini. Mchezaji mmoja, Projesti, alipoivaa yake alisimama katikati ya baraza letu akijitazama, na mama ilibidi aingie ndani akacheke. Walizichomeka kwenye kaptura hivyo hivyo, na mchezaji alipokimbia kiuno chake kilivimba kama amebeba mikate.

Huyu Projesti alikuwa Mhaya kutoka ng'ambo ya ziwa, karani wa reli, Mkatoliki wa kwenda kanisani na viatu vilivyong'aa. Ndiye aliyejua kanuni zote za mchezo, na alizijua kwa sauti kubwa. Walikuwepo pia mapacha wa bandarini, Kulwa na Doto, ambao walipeana mpira wao kwa wao tu, wengine mpaka waombe. Alikuwepo Bakari, mtoto wa mwenye bucha, mpole kupita kiasi, ambaye akimpiga mtu kikumbo alisimama kumpa pole huku mchezo ukiendelea. Na juu ya wote alikuwepo Shija. Alikuwa mrefu, mweusi wa kung'aa, akizungusha mpira kwenye kidole kimoja, akiudunda kati ya miguu, akiuviringisha begani hadi mkono wa pili, na alifanya yote haya huku akitikisa mabega kama yuko ngomani. Sisi tulipiga mayowe. Projesti alipiga kelele, "Shija, toa pasi! Toa pasi, bwana!"

Sasa lazima nieleze kitu ambacho vijana hawakielewi hata nikiwachorea mchangani. Kwa Wasukuma ngoma mbili zikishindana huchezwa wakati mmoja, kwenye uwanja mmoja, kila moja upande wake, na watazamaji wako huru kwenda wanakotaka. Hakuna jaji wala maksi. Jua likikaribia kuzama, ngoma iliyozungukwa na watu wengi ndiyo iliyoshinda, na wale wa upande wa pili hukunja vitu vyao wakaenda nyumbani na aibu yao. Watu wengi waliokuja kutazama Majabali walikuwa wametoka vijijini na pamba yao, au ni watoto wa watu hao. Walipoambiwa timu mbili zinashindana, hawakuuliza zinashindanaje. Walidhani wanajua. Walitazama kidogo, wakachagua, wakaenda kusimama upande wa timu iliyowapendeza, na jioni mtu yeyote mwenye macho aliona nani kashinda.

Mambo ya vikapu yalikuwa ya Projesti. Alikuwa na ubao mdogo wa shule aliouegemeza kwenye jiwe, akaandika kwa chaki kila mpira ulipoingia, na hapakuwa na mtu aliyeutazama ubao ule isipokuwa mbuzi wa mlinzi aliyekuwa akilamba chaki. Kipindi cha kwanza kikiisha timu zilibadilishana pande, kama kanuni inavyotaka. Basi umati mzima uliinuka: kina mama na viti vyao, wazee na fimbo zao, watoto mgongoni, muuza karanga na ungo wake, wote tukavuka kwenda upande wa pili kuwafuata Majabali wetu. Mgeni aliyeona hilo mara ya kwanza alidhani kumetokea moto.

Nakumbuka timu moja kutoka Bukoba, vijana wa shule, walikuja kwa meli wakatufunga vibaya sana. Mimi sikujua kwamba tumefungwa. Hakuna aliyejua. Filimbi ilipolia tuliingia uwanjani, tukambeba Shija juu juu tukiimba, na wale vijana wa Bukoba wakabaki wamesimama upande wao na mpira mkononi, peke yao, wakimuuliza bruda aliyekuwa refa kama wamekosea kitu. Mmoja alilia kweli. Projesti alikimbia huku na huku na ubao wake akisema, "Jamani, tumefungwa! Tumefungwa, someni!" Bibi mmoja akamjibu, "Tumefungwa na nani, mwanangu? Wale pale hata mtu wa kuwapa maji hawana."

Hivyo ndivyo nilivyokua nikiamini kwamba Majabali hawajawahi kushindwa. Nilikuwa mtu mzima nilipojua kwamba kwa hesabu za ubao, hadi kufikia siku ya Uhuru, walikuwa hawajawahi kushinda.

Msiniulize kama tuliona hasara. Vijana wa leo nyumbani kwangu wanaamka usiku kutazama Wamarekani kwenye simu, kila mmoja na simu yake na waya wake masikioni, timu ikifunga unasikia mtu mmoja anaguna chumba cha mbele na mwingine anaguna jikoni. Wana viatu vya bei ya ng'ombe, na ukiwatuma dukani wanaomba nauli ya bodaboda. Sisi miguu peku tulisimama tumebanana hadi unajua jirani yako amekula nini mchana.

Katika furaha yote hiyo alikuwepo mtu mmoja ambaye Shija alimtafuta kwa macho kila mchezo na hakumwona. Ni baba yake. Mzee Malale alikuwa manju, yaani kiongozi wa ngoma na mtunzi wa nyimbo zake, na jina lake lilijulikana hadi huko Magu. Ngoma yake ilikuwa ya majembe, vijana wanayarusha juu yakimeta juani na kuyadaka bila kukosea mdundo. Shija alikuwa mtoto wake wa kiume wa pekee. Tangu akiwa mdogo alifundishwa nyimbo zile ili azirithi, kisha akaenda shule, akarudi na mpira. Mzee alikuja mjini kila msimu wa pamba na hakuwahi kukanyaga nyuma ya ghala.

Mkataba wao niliusikia kwa masikio yangu, kwa sababu ulifanyika barazani kwetu. Wiki zile mji mzima ulikuwa unashonesha nguo za Uhuru, na baba alikuwa akishona mashati ya wacheza ngoma wa Mzee Malale na kuziba fulana za Majabali kwa cherehani ile ile. Shija alikuwa amekaa akisubiri fulana yake, mzee akapiga hodi. Baba akamwamkia, "Shikamoo, mzee." Akaitika, "Malahaba," akakaa kwenye mkeka. Shija aliinuka, akainama kumwamkia, kisha hakukaa tena.

"Mwanangu huyu amelogwa na mpila," mzee alimwambia baba, bila hasira. "Mimi nimezeeka, fundi. Ngoma nitamwachia nani?"

"Ungekuja kuniona mara moja tu, baba," alisema Shija.

"Nione nini? Ngoma gani isiyo na wimbo?"

Baba aliacha kushona. Mzee alifikiri, akichezea usinga wake, kisha akasema maneno ambayo sijayasahau. "Siku ya Uhulu nitapiga ngoma yangu pale pale, kalibu na uwanja wako. Wewe cheza mpila. Watu wakibaki kwako, sitakuita tena, nitatafuta mtu mwingine. Wakija kwangu, unaludi nyumbani."

"Sawa, baba," alisema Shija.

Hawakupeana hata mkono. Mzee alipima shati lake, akalisifu, akaondoka. Shija alibaki amesimama na fulana yake, akamwambia baba yangu kwa sauti ndogo kwamba atashinda, kwa sababu tangu timu ianze watu hawajawahi kumwacha. Baba alimjibu kwamba tangu ngoma ya mzee ianze, hawajamwacha na yeye.

Siku yenyewe ilianza kwa mvua, ikakatika, na mawe yote ya mji yakang'aa kama yamepakwa mafuta. Bendera mpya zilikuwa kila mahali, hata kwenye mikokoteni. Mama alipika pilau tangu alfajiri, na watu wasiofahamiana walikumbatiana njiani. Wale vijana wa Bukoba walikuwa wamekuja tena kwa meli ya asubuhi, sasa wakiwa wakubwa na wakali zaidi. Mimi nilipanda jiwe refu lililokuwa kati ya uwanja wa kikapu na uwazi ambako Mzee Malale alikuwa anakaza ngozi za ngoma zake kwenye moto. Kutoka pale niliona pande zote mbili, na laiti nisingeona.

Mchezo ulianza watu wote wakiwa kwetu. Shija alifanya kila alichojua. Alizungusha mpira kidoleni, akaudunda amepiga magoti, akautupa nyuma ya mgongo, na umati ulikuwa unaunguruma. Kisha ngoma ikalia. Haikulia kwa fujo. Mzee alianza polepole, mpigo mmoja mmoja, na akatoa wimbo mpya wa Uhuru ambao hapakuwa na mtu aliyewahi kuusikia. Watoto ndio walioondoka kwanza. Rafiki yangu Pili, tuliyekaa naye jiwe moja, aliteremka bila kuniaga. Wakafuata kina mama, wengine wakirudi kinyumenyume, macho bado kwa Shija lakini miguu inakwenda. Majembe yaliporushwa juu mara ya kwanza yakameta, wafanyakazi wa kiwanda nao wakaenda, wale wale waliomfahamu Shija kwa jina na kula naye mchana. Nilitamani niwaite. Nilianza kulia kabla sijajua kwamba nalia.

Timu zilipobadilishana pande, hakuna aliyeinuka kuwafuata. Walibaki baba yangu, mlinzi na mbuzi wake, na mke wa Projesti aliyekuwa mjamzito na hakutaka msongamano.

Nikamwona Shija anatazama pale watu walipokuwa. Alisimama kidogo, kisha akageuka, na kwa mara ya kwanza maishani mwake akatoa pasi. Projesti aliipokea kwa mshangao, akafunga. Mpira ukarudi, Shija akatoa pasi nyingine. Hapakuwa tena na mtu wa kuchezewa, basi wakacheza mpira. Mapacha walimpa Bakari bila kuombwa. Bakari alimgonga mtu na hakumpa pole. Walikimbia kimya kimya, bila mbwembwe, kanzu zao zimechomoka zinapepea, na wale vijana wa Bukoba wakaanza kuhema na kulaumiana. Nilifuta machozi nikatazama. Sijaona tena mchezo mzuri namna ile, na niliuona karibu peke yangu. Filimbi ilipolia Projesti alikwenda kwenye ubao, akahesabu, akahesabu tena, akapiga magoti akafanya ishara ya msalaba. "Tumeshinda!" alisema. "Shija, tumeshinda kweli! Kwa vikapu!"

Shija aliweka mpira chini. Alivuka uwanja kwenda kwenye ngoma, na Projesti akamfuata akimvuta mkono. Niliteremka jiweni nikakimbia nyuma yao. Watu walipomwona walimpisha, wengine wakiangalia chini. Mzee Malale aliwanyamazisha wapigaji, akasimama na kirungu cha ngoma mkononi, jasho likimtiririka.

"Watu wote walikuja kwangu," alisema mzee. "Na mimi nikawa natazama kwako. Tangu mlipobaki peke yenu sikuangalia pengine." Sauti yake ilikuwa imekauka kwa kuimba. "Kumbe ndivyo ulivyo, mwanangu. Kama unataka kubaki mjini, baki. Sitakulaumu."

"Umesikia?" Projesti alidakia. "Umeshinda, na mzee kakuruhusu. Leo nchi yenyewe ni huru, wewe ni mtu mzima, nani anakulazimisha?"

"Hakuna anayenilazimisha," alisema Shija. "Nilisema sawa." Akamtazama baba yake. "Watu wamekuja kwako, baba."

Akanyoosha mkono akapokea kile kirungu. Aliipiga ngoma akiwa amevaa fulana aliyoshona baba yangu, na mzee akasimama kando akimwitikia wimbo, huku mashavu yake yamelowa na sidhani lilikuwa jasho tu.

Asubuhi yake aliondoka kwenda Buswelu. Projesti alichukua timu akaiendesha kwa kanuni, na kwa muda walishinda michezo mingi, lakini watu walipungua, mapacha wakahamia Musoma, na mwishowe Mhindi akajenga ghala jingine palipokuwa uwanja. Shija akawa manju. Nilimwona mara kadhaa kwenye sikukuu, mvi zimemwingia, watu wamemzunguka hadi hupati pa kupenya, na wale wadogo waliokuwa wakimshangilia hawakujua kama aliwahi kushika mpira wa kikapu. Alifariki mzee wa kutosha, wakamzika pembeni ya baba yake.

Mwanangu amejenga Buswelu. Palipokuwa mtama pana nyumba za bati za rangi, mageti na taa za barabarani, na wajukuu wangu wanaishi hapo bila kujua wamelala juu ya nini. Sisemi zamani kulikuwa na raha tupu. Tulikuwa na malaria, tulikuwa na njaa, na shule ilikuwa viboko. Ila mtu akisema neno, neno lilikuwa limesemwa, na watu walipangia maisha yao juu yake. Leo mjukuu wangu ananiambia, "Nakuja Jumamosi, Bibi," mimi napika, Jumamosi inapita, na akija wiki ya pili haoni kama kuna kitu cha kueleza.

Wakati mwingine, umeme ukikatika na simu zikaishiwa chaji, wananikalia karibu nami nawasimulia habari za Majabali. Wanacheka kwenye fulana za kanzu, wanacheka kwenye mbuzi wa chaki. Nikifika mwisho hawacheki. "Lakini alishinda, Bibi," wananiambia, "na baba yake akamruhusu. Sasa kwa nini aliondoka?" Nawaambia alikuwa amesema sawa. Wananitazama, wakisubiri nimalizie hadithi, nami huwa nimemaliza.